Mji wa Dar es Salaam: Hesabu ya Watu na Mahali Walalapo

Siku moja nalikuwa nikifundisha darasani habari za nchi yetu, nikaandika ubaoni hesabu ya watu wa Dar es Salaam kama ilivyopatikana mwaka wa 2022, yaani watu 5,383,728. Watoto wakaisoma tarakimu kwa tarakimu, na wengine wakacheka kwa ukubwa wake. Kisha kijana mmoja, mtoto wa mwashi, akainua mkono akauliza, "Mwalimu, watu hao wote hulala wapi?" Nalitaka kumjibu upesi, nikaona sina jibu la upesi. Maana si serikali iliyowajengea nyumba wote hao, wala si makampuni, wala si matajiri. Nikamwambia, "Swali lako ni jema, nipe siku chache." Haya niandikayo leo ndiyo jibu langu kwake, na kwa kila mzazi mwenye mtoto aliyekwenda mjini au anayetamani kwenda.

Yafaa kwanza tufahamu asili ya mji wenyewe. Hapo kale mahali pale palikuwa na kijiji cha wavuvi na wakulima, jina lake Mzizima, na nchi ya nyuma yake ilikuwa mashamba ya Wazaramo. Katika miaka ya 1860 Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, aliipenda bandari ile kwa kuwa mlango wake ni mwembamba na maji yake ya ndani ni matulivu. Akaanza kujenga majumba ya mawe karibu na pwani, na moja katika majengo ya wakati ule, Boma la Kale, lingali limesimama hata leo. Lakini Seyyid Majid akafa mwaka wa 1870, na ndugu yake Seyyid Barghash aliyemfuata hakuwa na haja na mji ule. Kuta zikaanza kubomoka na majani yakaota vyumbani. Huu ndio mwanzo wa mji mkubwa kuliko yote katika Tanzania: kazi iliyoachwa nusu.

Kampuni ya Wadachi iliweka kituo chake pale mwaka wa 1887, na mwaka wa 1891 serikali ya Wadachi ikahamisha makao yake kutoka Bagamoyo. Mwaka wa 1905 wakaanza kujenga reli ya kwenda bara, nayo ilifika Kigoma mwaka wa 1914. Bandari ikawa mlango, na reli ikawa njia ndefu iishiayo mlangoni hapo. Tangu wakati huo mizigo ya nchi nzima hupita Dar es Salaam, na penye mizigo hupatikana kazi ya kupakia, kupakua, kuhesabu na kulinda. Kijana wa Morogoro au Tabora aliyetafuta fedha ya kodi ya kichwa alijua kwamba reli ile ile iliyochukua pamba na karanga ingeweza kumchukua na yeye.

Basi watu walikuja, na papo hapo likazuka swali la yule mtoto: walale wapi? Wadachi walilijibu kwa sheria. Mwaka wa 1891 walitoa amri za ujenzi zilizougawa mji: sehemu ya pwani kwa nyumba za namna ya Kizungu, sehemu nyingine kwa nyumba za mawe za wafanyi biashara, na sehemu ya nyuma kwa nyumba za udongo na makuti. Muda mfupi kabla ya vita ya 1914 serikali ilinunua shamba la mzungu mmoja upande wa magharibi ili wenyeji wahamishiwe huko. Vita ikakatiza shauri hilo. Waingereza walipouteka mji mwezi wa Septemba 1916, uwanja ule ukawa kambi ya kikosi cha wapagazi wa vita, walichokiita Carrier Corps. Vinywa vya watu vikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo, na jina likadumu kuliko kambi.

Waingereza nao waliufuata mgawanyo ule ule. Mnamo mwaka wa 1924 waligawa mji katika sehemu tatu: ya kwanza ya Wazungu, upande wa bahari wenye upepo, ya pili ya maduka, ambayo watu waliiita Uhindini, ya tatu ya Waafrika, yaani Kariakoo, na baadaye Ilala. Kati ya Uhindini na Kariakoo waliacha uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja. Sheria haikusema waziwazi kwamba mtu wa kabila fulani asikae mahali fulani. Ilisema nyumba za mahali hapo zijengwe namna gani. Lakini asiyeweza kununua mawe na saruji alijua mahali pake ni wapi.

Sasa na tuitazame nyumba yenyewe, kwa sababu ndani yake mna jibu la swali letu. Kariakoo iligawanywa katika viwanja vilivyonyoka, na mtu alipewa kiwanja kwa kulipa kodi. Serikali haikumjengea. Alijenga mwenyewe kwa boriti, fito, udongo na makuti. Baadaye kwa madebe yaliyofumuliwa na kupigwa bapa. Na baadaye tena kwa matofali ya saruji na bati. Umbo lake ni lile tulijualo sote: mlango wa mbele wenye baraza, ukumbi unaopita katikati mpaka nyuma, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na ua wenye jiko na choo. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja na watu wake, vile vingine hupangisha.

Nyumba hii ni kitu cha akili nyingi. Kwa mwenyewe ni makao, ni duka, na ni akiba ya uzee pamoja. Mtu asiye na pensheni, akiwa na vyumba vitano vya kupangisha, hali njaa. Mjane aliyeachiwa nyumba namna hii huweza kusomesha watoto wake. Hahitaji kuimaliza nyumba yote kwa mara moja: hujenga vyumba viwili, hupangisha kimoja, na kodi ya hicho hununua matofali ya cha tatu. Haba na haba hujaza kibaba. Na kwa mgeni, nyumba hii ni mlango wa kuingilia mjini, kwa kuwa hapangi nyumba nzima asiyoiweza, bali chumba kimoja tu.

Mwaka wa 1956 ofisa mmoja Mwingereza, J. A. K. Leslie, aliagizwa kuchunguza maisha ya Waafrika wa mji huo, na kitabu chake kilipigwa chapa mwaka wa 1963. Moja katika mambo aliyoyaona ni kwamba mgeni haingii mjini kama mtu aliyepotea njia. Humwendea ndugu, au mtu wa kijiji chake, akalala kwake mpaka apate kazi. Haya sisi wa vijijini twayajua bila kuambiwa na kitabu. Nasi twajua pia mithali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mjini hakuna jembe la kumpa. Kwa hiyo hutumwa gatini, sokoni au jikoni, na siku apatapo fedha kidogo hutafuta chumba chake. Baadaye yeye naye hupokea mdogo wake atokaye nyumbani. Hivyo ndivyo watu mia wawavutavyo mia wengine, pasipo kutumwa na mkubwa yeyote.

Wakati wa vita ya 1939 hata 1945, na baada yake, watu waliongezeka upesi kuliko vyumba. Bei za chakula na nguo zilipanda, na mshahara haukuzifuata. Wapakizi wa bandarini waligoma mwaka wa 1939, wakagoma tena mwaka wa 1943, na mwaka wa 1947 mgomo wao ulienea kwa njia ya reli mpaka miji ya bara. Waliodhani mgomo ni habari ya ukaidi tu hawakuhesabu vizuri. Ukijumlisha kodi ya chumba, kibaba cha mchele na kipande cha nguo, kisha ukaiweka jumla hiyo kando ya mshahara wa kibarua, utaona kwamba hesabu haikukubali.

Nami nataka sasa kuziweka hesabu za watu pamoja mbele yako, msomaji, uzitazame kama mkulima atazamavyo mavuno ya miaka mingi:

Mwaka wa 1948: watu 69,277.
Mwaka wa 1957: watu 128,742.
Mwaka wa 1967: watu 356,286.
Mwaka wa 1978: watu 843,090.
Mwaka wa 1988: watu 1,360,850.
Mwaka wa 2002: watu wapatao 2,490,000.
Mwaka wa 2012: watu 4,364,541.
Mwaka wa 2022: watu 5,383,728.

Lakini angalia jambo moja kabla hujastaajabu. Hesabu mbili za kwanza ni za mji peke yake. Kuanzia ya tatu ni za mkoa wote, pamoja na vijiji vilivyomo ndani ya mipaka yake. Mwaka wa 1967 mji wenyewe ulikuwa na watu wapatao 272,000 tu. Hivyo mtu akikwambia, "Mji umekua," muulize kwanza, "Mpaka wake umeupima wapi?" Mpaka ukisogezwa, hesabu hubadilika kabla mtoto hajazaliwa wala mgeni hajashuka garini.

Tena tuuweke mji kando ya nchi yote. Mwaka wa 1948, kati ya watu mia wa Tanganyika, wa Dar es Salaam hawakutimia hata mmoja. Mwaka wa 1967, kati ya watu mia wa Tanzania, karibu watatu walikuwa wa mkoa ule. Mwaka wa 2012 walikuwa karibu kumi. Kwa muda wa maisha ya mtu mmoja, mji uliokuwa kama tone katika mtungi umekuwa kama sehemu ya kumi ya mtungi.

Serikali zilizotawala zilijitahidi kuutangulia mji huu, nao ukazipita. Ramani kubwa ya kuupanga ilifanywa mwaka wa 1949, nyingine mwaka wa 1968, na nyingine mwaka wa 1979. Mwaka wa 1962, mara baada ya uhuru, liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa, likabomoa nyumba nyingi za makuti na kujenga nyumba imara mahali pake. Nia ilikuwa njema, na nyumba nyingine zingalipo. Lakini fikiri hesabu yake: ukibomoa nyumba moja ya udongo na kujenga moja ya saruji, umetumia fedha nyingi na idadi ya nyumba haikuongezeka. Wakati ule ule wageni waliendelea kushuka stesheni.

Kwa hiyo mwaka wa 1972 shauri lilibadilika. Serikali iliona kwamba watu wana mikono na wanaweza kujenga, ila wanakosa viwanja vilivyopimwa, njia na maji. Kwa msaada wa Benki ya Dunia, viwanja vilipimwa mahali kama Sinza na Kijitonyama ili kila mtu ajijengee. Na mahali palipokwisha kujengwa ovyo, kama Manzese, hapakubomolewa bali paliletewa barabara na maji. Lilikuwa shauri la busara, kwa kuwa liliukubali ukweli: wajenzi wa mji ni wakazi wenyewe. Fedha ya nje ilipokoma, kazi ilipungua, na viwanja vilivyopimwa havikutosha. Mwaka wa 2002 ulianza mpango mwingine wa kupima viwanja 20,000 pembezoni mwa mji. Hesabu hiyo husikika kuwa kubwa mpaka uiweke kando ya watu walioongezeka.

Natufanye hesabu hiyo pamoja, kama darasani. Toka mwaka wa 2002 hata 2012 waliongezeka watu wapatao 1,875,000. Gawanya kwa siku za miaka kumi, utapata watu zaidi ya 500 kila siku. Hesabu ya 2012 ilionyesha kwamba kaya ya Dar es Salaam, kwa wastani, ina watu wanne. Basi kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, zilihitajika nafasi za kaya mia na zaidi ya ishirini. Kama kila kaya hukaa chumba kimoja cha nyumba ya vyumba sita, ni nyumba ishirini na moja kila jua lichwapo. Viwanja 20,000 kwa kadiri hiyo huisha kabla ya miaka mitatu, hata kama vingegawiwa maskini peke yao, na maskini ndio waliovipata kwa shida.

Je, hao wengine walijenga wapi? Walinunua vipande vya mashamba. Mzaramo mwenye minazi na mihogo kando ya njia alikata kipande akamwuzia mgeni. Wakaandikiana karatasi, na mjumbe wa mtaa au mwenyekiti akashuhudia. Hapakuwa na mpimaji wala hati ya serikali. Mgeni akajenga chumba, mwingine akajenga nyuma yake, wa tatu akajenga ubavuni, na njia ya gari ikawa njia ya mtu mmoja na ndoo yake. Hivyo ndivyo palivyoota Tandale, Mbagala, Buguruni, Vingunguti na mitaa mingine mingi. Wachunguzi hukadiria kwamba watu kama sabini katika kila mia wa mji huo hukaa katika mitaa isiyopimwa. Hilo ndilo jibu la swali la yule mtoto: walio wengi hulala katika nyumba walizojijengea wenyewe, au walizojengewa na jirani aliyewatangulia miaka michache.

Mji ukienea hivyo hufuata njia. Dar es Salaam ilirefuka kama vidole vya mkono kwa barabara nne: ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu na ya Kilwa. Kati ya vidole palibaki mashamba na mabonde, mpaka nayo yakajaa. Maji yalifuata nyuma kwa kuchelewa: mtambo wa Ruvu Juu ulianza mwaka wa 1959, na wa Ruvu Chini mwaka wa 1976. Magari nayo yalichelewa. Mabasi ya shirika yaliposhindwa kuchukua watu wote, mwaka wa 1983 watu binafsi waliruhusiwa kuleta magari yao, na kwa kuwa nauli ilikuwa shilingi tano, ambazo watu waliziita dala, magari yale yakaitwa daladala. Mabasi yaendayo haraka, yenye njia yao peke yao, yalianza mwaka wa 2016.

Na hao watu hula nini? Hapa pia hesabu za zamani zilidanganya, kwa kuwa zilimhesabu mwenye ajira ya barua tu. Katika miaka ya 1980 bei zilipanda mno, na mshahara wa mwezi haukumfikisha karani hata nusu ya mwezi. Mji haukufa njaa, kwa sababu mke wa karani alikaanga maandazi, bibi yake alifuga kuku uani, na mwanawe aliuza sigara moja moja njiani. Katika vitabu vya ofisi watu hao walikuwa hawana kazi. Mwaka wa 1983 ilitungwa hata sheria ya nguvu kazi, na wengi waliokamatwa mjini bila kitambulisho cha kazi walirudishwa mashambani. Wengi wao walirudi mjini baada ya muda mfupi. Sheria iliwaita wavivu watu waliokuwa wakiamka kabla ya jogoo.

Leo mkoa wa Dar es Salaam hutoa kama sehemu moja ya sita ya mapato yote ya Tanzania Bara, ingawa watu wake ni karibu tisa tu katika kila mia wa nchi. Mtu akisoma hivyo atasema, "Kumbe kila mkazi wa mjini ana mali karibu maradufu ya mtu wa kwingine." Asifanye haraka. Wastani ni kipimo kizuri, lakini hakina macho. Kaya moja ikivuna madebe tisa ya mahindi na jirani yake debe moja, karani ataandika kwamba kila kaya ilivuna madebe matano. Naye hakusema uongo, ila yule mwenye debe moja atalala na njaa mwezi wa pili. Masaki na Tandale ziko katika mkoa mmoja na huandikwa katika ukurasa mmoja.

Kuna jambo jingine katika hesabu za mwisho ambalo wengi hawakuliangalia. Toka 2012 hata 2022 nchi yote iliongezeka kutoka watu 44,928,923 mpaka 61,741,120. Dar es Salaam iliongezeka, lakini kwa kadiri iliyo ndogo kuliko ya nchi: katika watu mia wa Tanzania, wa Dar es Salaam walishuka kutoka karibu kumi mpaka karibu tisa. Je, mji umechoka kukua? Sivyo. Tazama mkoa wa Pwani unaouzunguka. Mwaka wa 2012 ulikuwa na watu 1,098,668. Mwaka wa 2022 ulikuwa na 2,024,947. Mkoa huo uliongeza watu zaidi ya laki tisa, karibu sawa na Dar es Salaam yenyewe iliyoongeza watu 1,019,187. Mji umevuka mpaka wake. Mtu hufanya kazi Kariakoo na kulala Kibaha, au njia ya Mkuranga, au ya Bagamoyo, mahali ambapo kiwanja bado huweza kununuliwa na mtu wa kawaida. Yale yaliyotokea Manzese miaka hamsini iliyopita sasa yatokea katika vijiji vya Pwani, na wenye mashamba huko wanakata vipande vyao na kuandikiana karatasi vile vile.

Tena, zamani mji huo ulikuwa mji wa wanaume. Walikuja kutafuta fedha, wake wakabaki nyumbani na mashamba. Mwaka wa 2022 walihesabiwa wanaume 2,600,018 na wanawake 2,783,710, yaani wanaume 93 kwa kila wanawake mia. Msichana siku hizi haendi mjini kwa kumfuata mume tu. Huenda kwa kazi, kwa biashara na kwa shule. Mzazi anayedhani kwamba habari za mji zinawahusu wavulana peke yao amechelewa.

Sasa niseme kwa nini nimeyaandika haya katika gazeti lisomwalo vijijini. Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam, na mto Msimbazi ukafurika. Watu zaidi ya arobaini walikufa, na maelfu walikosa makao. Wengi wa waliokumbwa walikuwa wamejenga katika bonde la mto. Wengine waliwalaumu wakisema, "Waliambiwa wasijenge bondeni." Ni kweli, bonde si mahali pa nyumba. Lakini mtu hajengi mtoni kwa kuupenda mto. Hujenga huko kwa kuwa ni karibu na kazi yake na ndipo alipopaweza kwa fedha aliyo nayo. Serikali iliwapa wengi wao viwanja Mabwepande, mbali kaskazini ya mji. Kiwanja kilikuwa kikavu na salama, bali nauli ya kufikia kazini ilikuwa mpya. Waliorudi bondeni si wote walikuwa wajinga. Wengine walikuwa wamefanya hesabu ambayo haimo katika vitabu vya ofisi, yaani hesabu ya nauli na mlo wa jioni.

Basi nina maneno matatu kwa wasomaji. La kwanza, mtoto wako akitaka kwenda mjini, usimwulize tu atafanya kazi gani. Mwulize atalala wapi, kwa nani, na kwa muda gani. Tena umwulize yule ndugu atakayempokea kama ana nafasi, kwa maana chumba cha watu wanne kikiongezwa wa tano na wa sita hakikui. Chumba cha kupanga mara nyingi hutakiwa kodi ya miezi sita, hata mwaka mzima, mbele. Fedha hiyo itafutwe kabla ya nauli.

La pili, ukinunua kiwanja, au ukiuza kipande cha shamba lako karibu na mji wowote, usiridhike na karatasi na mashahidi. Uliza kwa ofisi ya ardhi kama mahali hapo pamepimwa, kama pametengwa kwa barabara, kama maji hupita hapo wakati wa masika. Acheni njia pana kati ya nyumba na nyumba tangu nyumba ya kwanza. Nafasi ya njia hugharimu kidogo kabla ya kuta kusimama. Baada ya kuta kusimama hugharimu machozi. Waliouza mashamba yao Mbagala na Tandale hawakuwa na mtu wa kuwaambia hivi. Ninyi mmeambiwa.

La tatu, siku ya kuhesabiwa watu ifikapo, msijifiche wala msipunguze. Zamani tuliogopa kuhesabiwa kwa kuwa hesabu ilileta kodi ya kichwa. Siku hizi hesabu ndiyo inayoonyesha shule ijengwe wapi na bomba lifike wapi. Mwaka wa 2022 majengo nayo yalihesabiwa pamoja na watu. Nyumba isiyoandikwa haiombewi maji.

Nalirudi darasani baada ya siku zile, nikamwita yule mtoto wa mwashi mbele. Nikamwambia, "Uliuliza watu milioni tano hulala wapi. Hulala katika nyumba zilizojengwa na watu kama baba yako, chumba baada ya chumba, mara nyingi bila ramani." Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Basi, Mwalimu, wangemwita baba mapema, wakampa na ramani." Wenzake wakacheka, lakini mimi sikucheka. Nalifuta ubao pole pole, nikaiacha ile hesabu ya watu peke yake, nikawaambia waiandike katika madaftari yao.